Nyimbo zote za Jimmie Rodgers na mwangwi wake mpakani mwa Gusii

MSAFIRI anayetoka mjini Kisii kuelekea Kericho hupitia Keroka, mji uliogawanywa na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira. Kisha hupita Chepilat na Sotik, na muda si mrefu hufika Kapkatet, kituo kilichozungukwa na mashamba ya majani chai. Ni huko Kapkatet, mnamo mwaka 1950, ambapo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki mzaliwa wa Uingereza, alitega kinasa sauti chake na kuwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia mtu aitwaye Chemirocha.

Chemirocha hakuwa zimwi la hadithi za kale. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amekwisha kufariki miaka 17 kabla ya siku hiyo. Sauti yake ilikuwa imewafikia Wakipsigis kupitia santuri na gramafoni za wageni, na jina lake, lilipopita katika ndimi za wenyeji, likavaa umbo la Kikalenjin, lugha ambayo majina mengi huanza kwa "Chep" au "Che".

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida msimulizi hukomea hapo, baada ya msikilizaji kucheka kidogo. Habari za nyimbo zenyewe hazigusiwi. Ilhali nyimbo hizo zipo, tena zote, kuanzia ya kwanza aliyorekodi mwaka 1927 hadi ile aliyoimba siku mbili kabla ya kukata roho. Kampuni ya Rounder ya Marekani ilizitoa mwaka 1991 katika diski nane, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa tarehe. Mwaka uliofuata, kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ikazikusanya katika kasha moja la diski sita, lenye jina la The Singing Brakeman. Jumla yake ni nyimbo zipatazo 110, kazi ya miaka isiyotimia sita.

Mfunga breki wa Mississippi

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na alilelewa katika eneo la Meridian, jimbo la Mississippi. Mamaye alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Babaye alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kijana huyo aliingia kazini mapema, kwanza akiwapelekea maji wafanyakazi waliotengeneza njia ya treni, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Kwao alijifunza nyimbo za blues na namna ya kupiga gitaa na banjo. Baadaye akawa mfunga breki, yaani mfanyakazi aliyepanda juu ya mabehewa kuyafunga na kuyafungua breki kwa mkono, na cheo hicho ndicho kilichokuja kuwa jina lake la jukwaani.

Mwaka 1924 madaktari walimgundua na kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuponya ugonjwa huo; dawa ya kwanza iliyofaulu, streptomycin, iligunduliwa mwaka 1943. Kazi ya reli ikamshinda, naye akageukia muziki kwa sababu hakubakiwa na njia nyingine ya kulisha mke na mtoto. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesikiliza mkusanyo huu. Mwimbaji anayesikika akicheka na kufanya masihara katika diski ya kwanza ni mgonjwa aliyejua vizuri hali yake.

Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika mjini Bristol, kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, kutafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers alikwenda huko na kikundi chake, lakini usiku wa kuamkia siku ya kurekodi wakagombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakamwacha. Tarehe 4 Agosti aliingia peke yake na gitaa, akarekodi nyimbo mbili tu. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, Peer alikuwa amewarekodi Carter Family, familia ambayo nayo ilikuja kuwa nguzo ya muziki wa kantri.

Nyimbo hizo mbili hazikuuza sana. Kilichobadilisha mambo ni Blue Yodel, aliyoirekodi Novemba 1927 huko Camden, New Jersey, na ambayo santuri yake ilitoka mwanzoni mwa 1928. Iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. (Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Biashara ya gramafoni ilikuwa imeanza kuuzunguka ulimwengu, na sauti za maskini wa pande zote zilikuwa zimepata thamani ambayo wenyewe hawakuitarajia.)

Yodeli ni nini?

Yodeli ni ufundi wa kuirusha sauti ghafla kutoka sauti nzito ya kifuani hadi ile nyembamba ya kooni, kisha kuirudisha, pasipo kutamka neno lolote lenye maana. Wachungaji wa mifugo katika milima ya Uswisi na Austria waliitumia kuitana kutoka kilima hadi kilima. Rodgers aliichukua akaitia mwishoni mwa beti za blues. Mtu akishaimba ubeti wa kuachwa na mpenzi, maneno humwishia, ndipo sauti inapovunjika na kupaa.

Ni rahisi kuona kwa nini jambo hili lilivuka bahari. Msikilizaji wa Kapkatet asiyejua Kiingereza hakupoteza chochote pale maneno yalipokwisha. Aidha, kupazia sauti kilima cha pili si jambo geni kwa yeyote aliyekulia katika milima ya Kericho, Kisii au Nyamira.

Hata hivyo, anayesikiliza diski zote atagundua kwamba Rodgers hakuwa mtu wa mtindo mmoja. Waiting for a Train, ya Oktoba 1928, ina ala za kupuliza za mitindo ya jazz. Mwezi Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi Blue Yodel No. 9 akiandamana na Louis Armstrong kwenye tarumbeta, na mke wa Armstrong, Lil Hardin, kwenye piano. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye lebo ya santuri. Hapo mzungu wa Mississippi anaimba na watu weusi wawili wakati ambapo sheria za kwao zingewazuia kuketi pamoja katika behewa moja la treni. Kuna pia nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za kumlilia mama, na zile za Kihawaii zenye gitaa la kuteleza. Nyingi alizitunga na shemejiye, Elsie McWilliams, ambaye jina lake husahauliwa na wengi wanaomsifu Rodgers.

Si zote zilizo nzuri. Baadhi ya nyimbo za mapenzi za 1929 na 1930 ni nyepesi mno, na msikilizaji anaweza kuziruka bila hasara. Lakini ndiyo faida ya mkusanyo kamili: humwonyesha mwimbaji katika siku zake mbaya pia.

Ugonjwa nao unasikika. Januari 1931, alipokuwa San Antonio, Texas, alirekodi T.B. Blues, wimbo unaoutaja ugonjwa wake waziwazi. Wakati ule kifua kikuu kilikuwa aibu ya kufichwa, jinsi ukimwi ulivyofichwa katika vijiji vyetu miaka ya 1990. Mwaka 1932 aliurudia mkasa huo katika Whippin' That Old T.B., safari hii akijifanya anaushinda. Ukisikiliza nyimbo hizi mbili kwa kufuatana, ya pili ndiyo inayohuzunisha zaidi.

Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi, akihitaji fedha kwa ajili ya familia. Studio iliweka kitanda ili apumzike kati ya wimbo na wimbo. Tarehe 24 Mei alimaliza kwa Years Ago, peke yake na gitaa, kama alivyoanza Bristol. Tarehe 26 Mei alifariki katika hoteli ya Taft jijini humo, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni.

Kutoka Rodgers hadi honky-tonk

Wapenzi wengi wa kantri nchini Kenya walianzia kwa Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers au Dolly Parton, sauti laini zilizopikwa Nashville na kusambazwa na redio. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, aliyezaliwa mwaka 1977 alipofariki Elvis Presley na kupewa jina hilo, ni mmoja wa Wakenya waliojijengea jina kwa muziki huo. Lakini kati ya Jimmie Rodgers na Jim Reeves kuna daraja, na daraja hilo ni honky-tonk.

Honky-tonk lilikuwa jina la vilabu vya pombe vya Texas na majimbo jirani, hasa baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933. Kelele za walevi ziliwalazimu wanamuziki kutumia gitaa za umeme na mdundo mzito, na maneno ya nyimbo yakageukia ulevi, usaliti na majuto. Anayezijua baa za Kisii wikendi jioni hahitaji maelezo zaidi.

Rodgers mwenyewe hakuuishi wakati huo, lakini walioujenga ni wanafunzi wake. Ernest Tubb wa Texas hakuwahi kukutana naye. Alimtafuta mjane wake, Carrie, ambaye alimwazima gitaa la marehemu na kumsaidia kupata mkataba wa kurekodi mwaka 1936. Tubb alimwigiza Rodgers hadi mwaka 1939, alipokatwa tezi za kooni na kushindwa kabisa kupiga yodeli. Alipolazimika kuimba kwa sauti yake mwenyewe, akatoa Walking the Floor Over You mwaka 1941, wimbo unaohesabiwa miongoni mwa misingi ya honky-tonk. Lefty Frizzell alitoa albamu nzima ya nyimbo za Rodgers mwaka 1951. Hank Snow alimpa mwanawe jina la Jimmie Rodgers. Merle Haggard alitoa albamu yake ya kumkumbuka mwaka 1969. Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilipoanza kuwatuza watu mwaka 1961, Rodgers alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza, pamoja na Hank Williams na mchapishaji Fred Rose.

Mwaka 1955, RCA Victor iliamua kwamba santuri za zamani zilisikika kuukuu, ikawaita wanamuziki wa Hank Snow kuongeza ala juu ya sauti ya marehemu. Zilinunuliwa. Kwa sikio la mwandishi huyu, kazi hiyo inafanana na kumvika babu suti mpya ndani ya picha ya zamani. Thamani ya mikusanyo ya miaka ya 1990 ni kwamba ilirejea kwenye sauti za awali na kumwacha mgonjwa na gitaa lake.

Chemirocha na obokano

Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume wakipiga chepkong, kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis. Ya tatu, ambayo ndiyo maarufu, iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, nayo haizidi dakika mbili. Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba wasichana walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba walimwomba acheze nao ngoma ya kurukaruka mpaka nguo zimvuke.

Maelezo hayo yapokewe kwa tahadhari. Ni ya mgeni aliyekaa mahali pale kwa muda mfupi, na nyimbo za wasichana aghalabu huwa na mzaha ambao hautafsiriwi mbele ya wageni. Lililo wazi ni kwamba Wakipsigis walitambua jambo ambalo wahakiki wa Marekani walichelewa kuliona: gitaa la Rodgers lilikuwa jamaa wa chepkong. Hata yeye aliimba kwa nusu kusimulia, huku nyuzi zikimjibu.

Msomaji wa Gusii atalielewa hili bila taabu. Obokano, kinanda cha Abagusii chenye nyuzi nane, ni wa ukoo mmoja na chepkong, na vilevile na nyatiti ya Waluo, litungu la Wabukusu na iritungu la Wakuria. Obokano ni miongoni mwa vikubwa zaidi katika ukoo huo, na sauti yake nzito inayovuma huitofautisha na nyingine zote. Mpigaji huketi, hukipiga kwa mikono miwili, na huimba sifa, historia ya koo na kejeli. Mpaka wa Chepilat, ambao ulishuhudia mapigano kati ya jamiii hizi mbili mwaka 1992 na tena mwaka 2008, haukuwahi kuutenga muziki wao.

Gitaa lilipoingia Gusii, benga ikapata wafuasi wake, na Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, akawa sauti ya Ekegusii iliyojulikana kote nchini. Hapo ndipo suala la mkusanyo linapokuwa letu.

Kasha la Bear Family liliwezekana kwa sababu Victor iliandika katika daftari zake kila kitu: tarehe, mji, namba ya bamba la santuri na majina ya wapigaji. Santuri za benga, kinyume chake, zilitoka kwa nyimbo mbili mbili, nyingi zikitayarishwa na wafanyabiashara wa River Road jijini Nairobi, na lebo zake mara nyingi hazikuwa na tarehe. Mwenye duka alipofunga, karatasi zilipotea naye. Ketebul Music ya Nairobi, ikiongozwa na Tabu Osusa, ilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2008 kwa Retracing the Benga Rhythm, kitabu kilichoambatana na diski ya nyimbo na filamu. Ni kazi ya kutegemewa, lakini ni ya benga nzima. Haiwezi kumpa mwanamuziki mmoja wa Gusii nafasi aliyopewa Rodgers na Wajerumani.

Saa nayo inakwenda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, santuri iliyorekodiwa mwaka 1972 ilipoteza ulinzi wake mwishoni mwa 2022. Utunzi wenyewe, yaani maneno na sauti ya wimbo, hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hivyo tungo za Monyoncho zina ulinzi hadi mwisho wa 2063. Familia nyingi hazitofautishi haki hizi mbili, na mtu huweza kuambiwa kwamba nyimbo za babaye "zimekwisha muda" ilhali kilichokwisha ni ulinzi wa rekodi peke yake.

Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inazipa rekodi za miaka ya 1923 hadi 1946 ulinzi wa miaka 100. Nyimbo mbili za Bristol za mwaka 1927 zitakuwa huru kwa wote tarehe 1 Januari 2028. Yaani sauti iliyorekodiwa miaka 45 kabla ya santuri yetu ya 1972 italindwa kwao kwa muda mrefu kuliko hiyo ilivyolindwa hapa.

Na wasichana wa Kapkatet? Rekodi zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda, uliojulikana zamani kama Grahamstown. Kuanzia mwaka 2014, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ilizirudisha nakala katika vijiji ziliporekodiwa, ikiwatafuta waimbaji waliokuwa hai na jamaa za waliokwisha kufariki. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita.

Anayetaka kuanza kumsikiliza Rodgers asianze na diski ya kwanza. Aanze na Waiting for a Train, kisha Blue Yodel No. 9 ili amsikie Armstrong, kisha T.B. Blues na Whippin' That Old T.B. kwa kufuatana. Baada ya hapo asikilize Years Ago, na mara tu inapokwisha, aweke Chemirocha ya Chemutoi Ketienya. Mwanzoni atasikia chepkong, kisha sauti ya msichana mmoja, na wenzake wakimwitikia.